Kuacha kazi bila kugombana na patron: maswali yenu

Tokea juzi maswali ya kuacha kazi imejaa mu simu yangu, sijui ni saizoni gani hii hapa Lubumbashi. Najibu yenye naweza.

Yaya, nimepata kazi ingine Kolwezi ku mine. Nianze na kuongea na patron ao na baruwa?

Ongea naye kwanza, lakini ingia ku biro yake baruwa iko tayari mu mufuko. Sheria yetu ya kazi, ile Code du travail ya 2002, inalomba mwenye anavunja kontra aandike, kwa hiyo mesaji ya watsapu saa ine ya usiku haiko demisio (kuacha kazi kwa sheria), ni kelele. Na usianze kuambia shofere. Patron anaweza kuvumilia uende, yenye hawezi kuvumilia ni kusikia habari yako mu mudomo ya sentineli. Baruwa ikuwe fupi: kazi yako, siku ya mwisho, asante. Fanya kopi mbili, moja ya kwake, ingine apige kashe (muhuri) na tarehe, ile unaenda kuificha ku nyumba.

Nimetumika miaka 4. Preavi, zile siku za kuonya mbele ya kutoka, ni siku ngapi? Banasema miezi mitatu.

Miezi mitatu! Kwa sheria, patron akikuachisha anapaswa kukupa siku 14 za kazi, anaongeza 7 kwa kila mwaka yenye umemaliza. Miaka 4 inaleta 28, ukiongeza na zile 14 inakuwa 42. Weye mwenye unaacha unatoa nusu, njo kusema 21, haiwezi kupita pale. Yenga (Jumapili) haiingii mu hesabu, na inaanza kesho yake ya siku ulitoa baruwa, njo maana nimesema kashe na tarehe.

Patron amekasirika, anasema sertifika ya kazi sitaipata.

Hapa naongea na uchungu juu ilinifikiaka. Kazi yangu ya kwanza niliacha na hasira siku ya posho, nikatupa funguo ya depo ku meza nikaenda, sikuaga mutu. Miezi sita nyuma kazi ingine ikalomba sertifika, nikarudia pale pale na viatu yangu ya kanisa, nikangoja pembeni ya sentineli tangu asubuhi mpaka harufu ya bukari ya saa sita ikatoka, na mwenye alikuya kunipokea ni ule kijana nilimuachia depo bila kumuonyesha kintu. Alinipatia, lakini alinisikilisha. Sheria yenyewe iko wazi: kontra ikiisha, kwa sababu yoyote, patron anapaswa kukupa karatasi ya kuonyesha kazi ulifanya na tangu lini mpaka lini. Mulombe kwa kuandika, na upole. Akikataa kuna Enspeksio ya Kazi, biro ya Leta yenye inaangalia sheria ya kazi, lakini mi ningetuma kwanza muzee mumoja wa biro mwenye anasikilizaka.

Niandike kama naacha juu ya matusi?

Hapana mu baruwa. Ile karatasi itabakia mu dosiye yako.

Kontra yangu ni ya mwaka moja tu, imebakia miezi ine.

Ile si sawa na zingine, inangoja mwisho yake, ukikata mbele anaweza kukulipisha hasara. Muelewane, muandike, musinye bote babili.

Wiki ya mwisho nifanye nini?

Uliza konje (siku za mapumziko) yenye haukukula, balipe. Kisha keti na mwenye anabakia, umuonyeshe dosiye moja moja, na funguo umutie ku mukono.