Jicho litue wapi? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Picha yako ya soko la samaki la Feri imenifikia kwenye simu. Unasema mwalimu kakwambia imejaa mno, haina pa kutua jicho, nawe unaniuliza: mama, mistari ni safi, maumbo yanaeleweka, rangi ninazo, nimekosa nini?

Mimi ni muuza kanga, basi nakujibu kwa kanga. Jana usiku nimetandika mbili kitandani.

Ya kwanza ina korosho moja kubwa katikati ya mji, yaani ule uwanja wa ndani ya pindo, nyekundu juu ya njano tupu. Jicho linaifuata moja kwa moja, halafu linashuka kusoma jina, yale maneno ya kanga, na pindo linalizuia lisitoke nje. Ile njano isiyo na kitu ndiyo inayoipa korosho nguvu. Naihesabu kuwa sehemu ya mchoro, sawa na mstari na rangi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, mara nyingi alimweka mnyama mmoja tu, nyuma yake akaacha uwanja mtupu. Mnyama yule hutamsahau.

Ya pili ni kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Mji wote ni vijiumbo vidogo, hakuna kinachomtawala mwenzake. Hapa pia jicho halina pa kutua, lakini kisutu kimetulia hata bibi harusi anavishwa! Umbo lilelile linarudi kwa nafasi ileile, kama mkono wa mpiga ngoma, na jicho likishaushika mdundo linatembea bila kuchoka. Tena rangi zake zimepishana uzito: nyeusi nzito, nyeupe nyepesi, nyekundu kati yao.

Kwa hiyo si lazima kila picha iwe na korosho yake. Ila yako haina korosho wala haina mdundo, na hapo mwalimu amesema kweli. Mwavuli mwekundu, ndoo ya buluu, dera la kijani, vyote vinaita kwa sauti moja. Finya macho uitazame, au igeuze kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Mimi nimeigeuza. Kila kitu kimekuwa kijivu kimoja, na yule mama anayeparua samaki aina ya changu ametoweka kabisa.

Nimeumia, maana yeye ndiye niliyempenda. Umemchora magamba yamemganda mkononi, vistari vifupi vifupi, hadi nikahisi mkwaruzo wake kwenye vidole vyangu. Ningekuwa wewe, nyeupe yote ningempa yeye peke yake. Miavuli ya nyuma ningeififisha, na ukuta wa kulia ningeuacha mtupu.

Ndoo usiifute. Najua kushoto kuna watu wanne na kulia ipo yenyewe tu, lakini pande mbili hazihitaji kufanana ili zilingane. Itie giza zaidi, uone kama haitawabeba wote wanne.

Ukishaibadilisha nitumie mimi kwanza, kabla hujampelekea mwalimu. Kisutu nimekikunja, nimekiweka kwenye kabati lako. Ukija Idi utakikuta.

Mama yako