Baba mkwe ana hati, mbona daktari anamuuliza shemeji?

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Nimeolewa Daegu, Korea Kusini. Baba mkwe ana saratani ya ini. Zamani alijiandikisha kwamba siku zake zikifika asiwekwe kwenye mashine. Sasa daktari humwita shemeji mkubwa koridoni. Mzee mwenyewe haambiwi kitu. Shemeji anataka kila linalowezekana lifanyike. Hati ile ina kazi gani? – Mama Jun

JIBU: Marahaba, Mama Jun. Ina kazi, na kisheria inamzidi shemeji nguvu. Tangu Februari 2018, mwenye miaka 19 na kuendelea akishaelezwa na kusaini, hati yake inaingia kwenye kumbukumbu za taifa. Ndugu huulizwa pale mgonjwa hawezi tena kusema na hakuacha maandishi.

Daktari naye ana yake. Mwaka 1997 huko Seoul, mke wa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kichwa alishikilia mumewe aruhusiwe kurudi nyumbani, ingawa alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari wakakubali, mgonjwa akafa, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikawatia hatiani kwa kusaidia mauaji. Hofu hiyo bado imo wodini. Ongeza na heshima kwa wazazi: mtoto wa kwanza akikubali mashine izimwe, ukoo utasema amemtelekeza baba yake. Daktari anajua pia kwamba marehemu hashtaki, ndugu ndio wanaoshtaki. Mimi simtetei kwa hili la koridoni; mzee ana akili zake timamu, aambiwe.

Kikwazo kikubwa kiko kwingine. Hati haifanyi kazi mpaka daktari anayemtibu na bingwa mwingine wathibitishe kwamba mgonjwa yuko njiani kufa. Tamko hilo ni zito, hasa kwa daktari wa saratani aliyekuwa akiwapa matumaini jana, kwa hiyo hucheleweshwa hadi mgonjwa hajitambui.

Basi msingoje. Mumeo amwombe daktari akae na mzee wajaze mpango wa matibabu ya mwisho, ambao huandikwa na daktari mwenyewe kwa matakwa ya mgonjwa. Ulizeni pia kama hospitali ina kamati ya maadili iliyosajiliwa. Hospitali nyingi ndogo hazina, na bila hiyo utekelezaji hukwama.

Na shemeji aelezwe kinachokataliwa hasa: kushtua moyo, mashine ya kupumulia, kusafisha damu na mengine ya aina hiyo. Dawa ya maumivu, chakula, maji na oksijeni ya kawaida haviruhusiwi kuondolewa. Huenda anadhani baba ataachwa na njaa.