Usimpongeze Kabla Hujamuuliza

Aprili 11, 2019 nilipika pilau. Mpangaji wangu wa chumba cha uani alikuwa kijana Msudani, mwanafunzi wa uzamili hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na mchana ule redio ilitangaza kwamba Omar al-Bashir, aliyetawala Sudan tangu Juni 1989, ameng'olewa. Nilifurahi kana kwamba ni mimi niliyekuwa nikilala barabarani Khartoum. Nikapakua sahani ya kwanza, nikavuka ua, nikagonga mlango. "Hongera, mwanangu! Mmemtoa!"

Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasema, "Bado, Mama."

Kwenye simu yake kulikuwa na mwanajeshi anasoma tangazo. Mimi nilikuwa namfikiria aliyeondoka. Yeye alikuwa anamwangalia anayesoma. Alikuwa Awad Ibn Auf, waziri wa ulinzi wa Bashir huyo huyo. Waandamanaji hawakubanduka, kesho yake Ibn Auf naye akaachia kiti, akaja Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Hapo ndipo nilipoelewa lile "bado".

Mimi ni mwalimu wa historia, sasa nimestaafu. Vijana niliowafundisha hunitumia video za watu walioinuka dhidi ya watawala wao, wa Khartoum, wa Dhaka kule Bangladesh, na kila mara maswali ni yale yale: Mwalimu, watafanikiwa? Nani yuko nyuma yao? Tuwaunge mkono? Ushauri nilio nao niliupata kwa kumkosea kijana yule kwa miaka miwili aliyokaa kwangu, na baadaye kwa kukosewa mimi.

Kosa la kwanza nililifanya Desemba 2018, maandamano yalipoanza. Nilisikia chanzo ni bei ya mkate, nikamwambia tukiwa bombani tunakinga maji, "Jamani, nchi nzima iwake moto kwa ajili ya mkate?" Hakunijibu. Jioni ya siku ya pili alikuja na kigoda, akaketi karibu na jiko langu la mkaa, akaanza kunieleza Atbara ni mji gani. Ni mji wa reli, na wafanyakazi wake walikuwa na vyama vyenye nguvu tangu enzi za Waingereza. Ndiko mkate ulikopanda kutoka pauni moja hadi tatu, na watu wakatoka Desemba 19. Lakini kabla ya mkate, alisema, mshahara wako uko benki na benki haina noti. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri kuomba hela yao wenyewe. Kabla ya noti kulikuwa na mafuta: Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011 iliondoka na takribani robo tatu ya mafuta ya nchi, ila jeshi na idara za usalama ziliendelea kula kama zamani. Kabla ya mafuta kulikuwa na vita vya Darfur, magharibi mwa nchi. Akaendelea hivyo kurudi nyuma mpaka mkaa ukawa majivu. Akanikumbusha kwamba Wasudani walishawaangusha watawala wa kijeshi mara mbili kwa kutoka barabarani, Ibrahim Abboud mwaka 1964 na Jaafar Nimeiri mwaka 1985, wakati wengi wetu katika bara hili tulidhani jambo hilo haliwezekani.

"Mkate ni kitu cha mwisho, Mama. Wewe umefika kwenye cha mwisho."

Sisi wa Dodoma tulipaswa kulielewa hili kuliko wengine. Makorongo yetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ng'ombe wanapita, watoto wanachezea mpira humo. Halafu siku moja, jua linawaka na juu hakuna wingu, maji yanakuja yamebeba miti. Mgeni atasema ni mafuriko ya ghafla. Mwenyeji anajua mvua ilinyesha vilimani tangu jana usiku. Ukisikia watu wa nchi fulani wameinuka ghafla, usianze kubishana kama maji yana haki ya kupita pale. Tafuta kwanza ilikonyesha.

Misri ya 2011 dunia iliambiwa ni mapinduzi ya Facebook, ya vijana wa mjini wenye simu. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Mahalla al-Kubra walikuwa wamegoma tangu Desemba 2006, na mji wao uliwaka tena Aprili 6, 2008. Hosni Mubarak alipoachia madaraka Februari 11, 2011, wao walikuwa wameshahesabu miaka. Na sisi wenyewe tuna Maji Maji. Watawala wa Kijerumani walisema ni uchawi, watu wameamini maji yatazuia risasi. Wazee wa Umatumbi walipohojiwa miaka ya 1960 walisema pamba: mashamba ya kulazimishwa, viboko, ujira usiofika hata kwenye kodi. Julai 1905 pale Nandete walianza kwa kung'oa mipamba. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi sana, na bado nilimuuliza mtoto wa watu kuhusu mkate. Kujua historia yako hakukuzuii kuwa mgeni mbaya kwenye historia ya mwenzako. Inauma kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu kuna picha. Ile ya binti mwandamanaji, Alaa Salah, amesimama juu ya gari Khartoum, Aprili 8, 2019, nguo nyeupe, hereni za duara, kidole juu, niliiweka stetasi siku tatu. Sijutii, ni picha nzuri, na wanawake walikuwa mbele kweli kweli katika maandamano yale. Mpangaji wangu aliniuliza swali moja tu: "Waliomzunguka, umewaona?" Nikaikuza. Ni bahari ya simu zilizoinuliwa. Alinieleza kuhusu wanawake waliochapwa viboko kwa kuvaa suruali, na wauza chai walionyang'anywa birika na askari wa maadili, miaka na miaka. Tukiwa mbali tunataka sura moja ya kupenda. Sura hiyo ikitoweka kwenye simu zetu, tunadhani na jambo lenyewe limekwisha.

Kwenye suala la nani yuko nyuma yao nitasema wazi, kwa sababu huku kwetu neno "mabeberu" linatoka mdomoni haraka sana. Shemeji yangu alikuja Jumapili moja akalisema mbele ya yule kijana: hao wametumwa. Kijana akamjibu kwa adabu, "Baba, dada yangu ni mfamasia. Anajua mwenyewe dawa zipi hazipo. Nani amtume?" Sisemi mikono ya nje haipo. Libya mwaka 2011 ndege za nje zilipiga baada ya azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, Muammar Gaddafi akauawa Oktoba 20, na silaha za kule zikavuka hadi Mali. Lakini mkono wa nje ukiuona, uulize umeshika nini na umemshika nani. Ukianza na "wametumwa", umemwambia mama aliyezika mtoto kwamba hata uchungu wake si wake.

Kosa linalofanana na hilo, upande wa pili, ni la kuchochea. Nililifanya pia. Mwezi Mei 2019, watu wakiwa bado wameketi mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum kudai utawala wa kiraia, niliandika mtandaoni: msirudi nyuma, uhuru hauji bila damu. Niliandika nikiwa nimekaa kwangu, mlango umefungwa, chai mezani.

Juni 3, Ramadhani ikiwa ukingoni, vikosi viliingia alfajiri kwenye eneo lile. Kamati ya madaktari wa Sudan ilihesabu waliokufa zaidi ya 100, na miili mingine ilitolewa Mto Nile. Mtandao ulikatwa, ukakaa umekatwa zaidi ya mwezi. Kijana hakumpata dada yake. Siku ya tatu nilimkuta uani na daftari la kawaida la shule, amelipiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto aliandika yale aliyoambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake, kwa simu ya kawaida, na jina la mtu huyo. Kulia aliandika yanayosemwa. Picha aliyotumiwa na watu kumi ilienda kulia. Sauti ya binamu yake akilia na kusema "nipo mtaa wa pili, nawaona" ilienda kushoto. Nilimwomba radhi kwa lile neno la damu. Aliniambia angependa nilifute, nikalifuta. Siku ya tisa dada yake alipatikana kwa simu ya jirani.

Kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua daftari hilo. Mwenzako akiwa gizani, mtumie hela ya vocha anayoweza kuitumia kupiga simu ya kawaida, kaa naye, na kila unachotaka kukisambaza kiulize kinakaa safu ipi.

Alimaliza masomo, akarudi kwao Omdurman, ng'ambo ya Nile kutoka Khartoum, mwishoni mwa 2020. Oktoba 25, 2021 jeshi likapindua serikali ya mpito. Aprili 15, 2023 ikaanza vita kati ya jeshi la Burhan na RSF, kikosi chenye silaha cha Mohamed Hamdan Dagalo, yule wanayemwita Hemedti, ambaye utajiri wake ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye dhahabu ya Darfur. Hapa nyumbani watu wengi waliniambia, "Unaona? Si bora wangemwacha yule mzee." Nami nilikuwa karibu kukubali. Nilimuuliza kwa simu, kwa uangalifu, kama wanajuta.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, nyuma yake sufuria zinagongana. Vita, alisema, imeanzishwa na wenye bunduki, na wenye bunduki hawakuwa upande wetu siku hata moja. Kisha akanieleza yuko wapi: jikoni. Kamati za mitaa zilizokuwa zinapanga maandamano mwaka 2019, nani apite wapi, nani abebe maji, ndizo zilizogeuka kuwa vyumba vya dharura vinavyopika kwa ajili ya mtaa mzima. Dengu na maharage, mlo mmoja kwa siku, watu wanapanga foleni na bakuli. Misaada mikubwa haikufika, wao walikuwepo. Aliyeacha kuitazama Sudan siku nilipopika pilau hajui kwamba jikoni hizo zipo. Mtu akikuuliza kama maandamano fulani yalifanikiwa, mwambie aangalie pia watu walijifunza kufanya nini pamoja.

Halafu ikafika zamu yetu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalizuka, mtandao ulikatika nchi nzima, Dar es Salaam ikatangaziwa amri ya kutotoka nje usiku, na sisi tuliozoea kujiita kisiwa cha amani tukawa tunakaa karibu na redio kama wengine. Duka la mtaani kwetu lilifungwa. Mpwa wangu anayeishi Dar es Salaam hakupatikana siku mbili. Nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati.

Mtandao uliporudi, ujumbe uliingia kwa mkupuo. Mtu mmoja ninayemheshimu, anayeishi Ulaya, aliuliza, "Kwani Watanzania nao huandamana? Nilidhani ninyi ni wapole." Mwingine aliandika, "Kazeni, msirudi nyuma." Mwingine alikwishaamua kwamba wote walitumwa. Kila mmoja alikuwa mimi, wa mwaka fulani. Sikuwakasirikia sana, ila nilijisikia mpweke kwa namna ambayo sikuitarajia: unasomwa kama habari na mtu anayekujua jina. Idadi ya waliokufa kila upande uliitaja yake. Novemba 14 Rais Samia, akihutubia Bunge hapa hapa Dodoma, alitangaza tume ya kuchunguza, na bado kuna mama ambao hawakusubiri tume yoyote kujua watoto wao hawapo.

Kulikuwa na ujumbe wa Omdurman, umetumwa Oktoba 30. Siku nne kabla yake RSF walikuwa wameingia El Fasher, kule Darfur, baada ya mji kuzingirwa zaidi ya siku 500, na nilijua shangazi yake alikuwa huko. Aliandika kwa Kiswahili alichojifunza uani kwangu: "Mama, simu yako haiiti. Maji mnayo? Mpwa wako wa Dar ameonekana?"

Nilifungua daftari. Safu ya kulia ilikuwa imejaa kurasa tatu. Ya kushoto ilikuwa na mistari minne. Nikamjibu kutoka ile ya kushoto: maji tunayo, duka limefunguliwa jana, kijana wa jirani amerudi nyumbani, mpwa amepiga simu jana jioni na sauti yake ni yake. Kisha nikamuuliza kuhusu shangazi.