Sungura Sebuleni: Maswali Yenu

Tangu nilipotaja hapa kwamba kwangu sungura analala sebuleni, maswali hayajakatika. Wengi wenu mlikulia na sungura wa nyuma ya nyumba, wa kitoweo, ndiyo maana mnamfuga kama kuku. Nimechagua haya ya leo.

*Nimemnunulia binti yangu sungura soko la Kongowea, hapa Mombasa. Muuzaji akanipa na tundu la waya, ukubwa wake kama kreti mbili za soda. Litatosha? Tuko fleti ya vyumba viwili. (Mama wa Tudor)*

Halitoshi, dada. Hilo lilikuwa la kumfikisha nyumbani, na kazi yake imekwisha. Sungura anatakiwa aruke hatua tatu mfululizo, ajinyooshe kikamilifu na asimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu. Watetezi wa sungura huko Uingereza hutaja mita 3 kwa 2 kwa sungura wawili. Najua fleti za Tudor zilivyo, lakini fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea paneli za waya za kimo cha mita moja, ukazungushia pembe ya sebule. Alfajiri na magharibi, saa zake za kuchangamka, mfungulie atembee nyumba nzima.

Chini pasiwe waya. Nyayo za sungura hazina ngozi ngumu kama za paka, ni manyoya tu, na akikaa juu ya waya visigino hutoka vidonda visivyopona upesi. Vigae vitupu navyo humtelezesha. Tandika mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Ataula, ndiyo. Mwache aule, utanunua mwingine. Mwekee na boksi la katoni lenye milango miwili, maana sungura asiye na pa kujificha hatulii.

*Naishi ghorofa ya juu kabisa Bamburi, chini ya mabati. Kaskazi ikianza, ndani huwa tanuri. Feni inamtosha? (Kijana wa Bamburi)*

Swali lako ndilo lililonifanya niache mengine. Baridi sungura huivumilia, joto humuua. Hatoi jasho, na kuhema hakumsaidii kama kunavyomsaidia mbwa. Joto lake hulitoa zaidi kupitia masikio, yaliyojaa mishipa ya damu. Raha yake ni nyuzijoto 15 hadi 20 hivi, na zikipita 28 yuko mashakani. Sasa piga hesabu: Februari na Machi mchana wetu hufika 32, unyevu juu yake.

Feni haitoshi. Sisi upepo hutupoza kwa sababu tumelowa jasho, yeye hana hilo jasho. Faida ya feni ni kutoa hewa ya moto, kwa hiyo ielekeze dirishani, isimpige usoni. Zaidi ya hapo, gandisha chupa za maji za lita moja na nusu (usizijaze hadi juu, zitapasuka), uzifunge kitambaa na kumlazia ubavuni. Akitaka ataegemea mwenyewe. Omba kwa fundi kigae kilichobaki, akilalie kikiwa kimewekwa pembeni pasipofika jua. Mimi nina nusu ya mtungi uliovunjika, nimeusugua kingo na kuugeuza pango. Nikiulowesha nje kwa maji asubuhi, ndani hupoa kidogo, ingawa siku za unyevu mwingi nguvu hiyo hupungua. Maji ya kunywa yawe kwenye bakuli zito la udongo, kwani bakulini hunywa vizuri kuliko kwenye chupa ya kudondosha.

Ukimwona anahema mdomo wazi, kidevu kimelowa mate, mwili umelegea, mpanguse masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na uwe njiani kwa daktari wa mifugo. Usimtumbukize kwenye ndoo.

Na nikwambie kweli, mwanangu: chini ya mabati yasiyo na dari, Kaskazi nzima, mimi nisingefuga. Mpe ndugu anayekaa ghorofa ya chini. Zile nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, sungura angepewa hiari angezichagua mwenyewe.

*Anakojoa kila mahali na jirani ameanza kunung'unika. (Bi wa Majengo)*

Kinachonuka ni mkojo uliolala, sungura mwenyewe hana harufu. Mchunguze siku mbili tatu, utaona ana pembe anayoipenda. Hapo weka beseni pana lenye gazeti na nyasi kavu juu, na chakula chake cha nyasi kiwe papo hapo, maana sungura hula huku akijisaidia. Nyasi hizo ndizo zinazopaswa kuwa sehemu kubwa ya mlo wake, kiasi cha asilimia 80, na marobota yake hupatikana maduka ya dawa za mifugo. Usimwekee maranda ya seremala, hujui mbao zilipakwa dawa gani, wala ule mchanga wa paka unaoganda, akiula humvimbia tumboni. Beseni limwagwe kila siku. Madoa meupe kama chokaa ni kalsiamu ya mkojo wake, si ugonjwa, na siki huyatoa.

Akiwa amepita miezi minne au mitano na anarusha mkojo ukutani, huo ni ubalehe. Dawa ni kuhasiwa. Muulize daktari amewahi kupasua sungura wangapi. Akikwambia umlaze na njaa usiku wa kuamkia upasuaji, tafuta mwingine: sungura hawezi kutapika, hivyo hafungishwi.

*Waya za umeme nizifanyeje? (Baba wa Likoni)*

Zipitishe ndani ya paipu za plastiki za mafundi wa umeme au uzipandishe ukutani. Meno yake hukua maisha yake yote, lazima atafune kitu. Wangu alikata waya wa friji, nikanusurika kwa sababu stima ilikuwa imepotea.

*Naweza kumwacha kwenye roshani mchana? (Msomaji wa Kizingo)*

Hapana. Jua, paka wa mtaa na kunguru wetu hawa wasio na haya.

*Ametafuna sponji ya kochi, na tangu jana usiku hajala wala hajatoa kinyesi. Nimpe nini? (Msichana wa Mtwapa)*

Huyu nilimjibu kwa simu palepale. Nusu siku bila kula wala kinyesi ni dharura, hakuna cha kumpa nyumbani. Alifika kwa daktari kabla ya adhuhuri. Kochi sasa limefunikwa turubai hadi chini.