Tumbo Likichafuka, Vua: Maswali Yenu Kuhusu Miwani ya VR

Tangu ukumbi mmoja wa michezo huku Nyali, Mombasa, ulete miwani mpya ya VR, ile inayofunika macho yote na kukuonyesha dunia ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake, maswali hayajakatika. Nami nimeivaa mara mbili, mara ya kwanza nimekaa na ya pili nimesimama. Nilipenda, na ningependa nanyi mpende, ndiyo maana nayajibu haya kwa makini.

"Niliwekewa mbio za magari. Dakika tatu hazijaisha, jasho lanitoka, mate yamejaa mdomoni, tumbo limepanda. Wenzangu walinicheka. Je, nina maradhi?" – Kijana, Likoni

Huna maradhi, mwanangu. Aliyepanda mashua msimu wa kusi anajua: ukiinamia sakafu ya chombo, macho yanaona mbao zimetulia huku sikio la ndani, ambalo ndilo linaloupimia mwili mizani, linahisi mawimbi. Habari hizo mbili zikigongana, tumbo huchafuka. Ukiinua macho ukatazama mwisho wa bahari, unapata nafuu. Ndani ya miwani ya VR mambo yamegeuka: macho yanaona gari likikata kona, sikio linasema umekaa kitini.

Kwa hiyo mchezo unaochaguliwa ndio wenye uzito. Ule ambao ukipiga hatua moja kwa miguu yako na picha nayo yasogea hatua moja, huwa mpole. Ule unaokukalisha kisha dunia ikakimbizwa mbele yako ndio unaoangusha watu. Mbio za magari na treni za kuporomoka huwekwa kwa sababu zinawafurahisha watazamaji, na kumpa mgeni kitu hicho siku ya kwanza ni kumkosea. Omba samaki wa chini ya bahari, au mchezo wa kurusha mpira ukiwa umesimama pahali pamoja.

Kasi ya picha nayo ina sehemu yake. Miwani za Oculus Rift na HTC Vive zilipoingia sokoni mwaka 2016, skrini zake zilibadilisha picha mara 90 kwa sekunde, kwa kuwa picha ikichelewa nyuma ya kichwa kinachogeuka, kichefuchefu hakikawii. Ukiona picha inakwamakwama, kompyuta imezidiwa, usiendelee.

Dalili zikianza, fumba macho, sema "nivueni", kisha ukae na unywe maji. Usikimbilie bodaboda kabla kichwa hakijatulia. Na usijikaze kwa sababu ya vicheko: mwili huzoea kwa dakika chache leo na chache siku nyingine. Ukiulazimisha, utaichukia miwani hiyo kabisa.

"Mwanangu ana miaka 7 na analilia kuvaa. Mhudumu anasema hakuna shida." – Mama, Kisauni

Mngojeshe, dada yangu. Watengenezaji wenyewe wamesema: Sony iliweka miaka 12 kwa miwani yake ya PlayStation VR, na Meta, iliyokuwa ikitaka miaka 13, iliteremsha hadi 10 mwaka 2023, kwa ruhusa ya mzazi. Saba haimo popote. Tena lenzi zimepangwa kwa macho ya mtu mzima. Kwenye Quest 2, miwani ya Meta, umbali mdogo kabisa kati ya lenzi mbili ni milimita 58, na macho ya mtoto mdogo huwa yamekaribiana zaidi ya hapo, hivyo atakaza macho kuona picha isiyomkaa sawasawa. Na awe mtoto au mtu mzima, aliyewahi kupata kifafa amwone daktari kwanza, kwa sababu mwanga unaomweka unaweza kukiamsha.

"Mimi huvaa mtandio na miwani ya kuonea mbali. Nitaweza?" – Msichana, Mji wa Kale

Utaweza. Toa pini za nyuma ya kichwa na ushushe fundo la nywele, ili mkanda ukae chini ya kisogo. Si lazima mtu akuguse: mwambie mhudumu akupe mkononi, uingize uso kwanza pamoja na miwani yako, halafu ndipo uvute mkanda nyuma. Muulize kama ana kile kipande cha kuongeza nafasi ndani, kwani vioo vyako vikigusana na lenzi, vyote viwili vitachubuka.

"Inavaliwa na watu wangapi kwa siku? Nahofia macho." – Mzee, Tononoka

Hofu yako ina msingi, mzee wangu. Hatujasahau macho mekundu yalivyoenea Pwani mwanzoni mwa 2024. Kwa joto letu, sponji ya ndani hunywa jasho la kila aliyetangulia. Ukumbi unaojali huweka kifuniko cha silikoni kinachofutika na hukifuta mbele yako. Lenzi hupanguswa kwa kitambaa kikavu laini, bila spiriti. Mhudumu akifuta kwa pindo la shati lake, ondoka na hela yako. Na mwenye macho mekundu asivae, hata kama ameshalipa.

"Nimenunua yangu. Nataka kuweka meza Mama Ngina Waterfront, watu wajaribu kwa malipo kidogo." – Kaka, Majengo

Wazo zuri, lakini jua litakuharibia mtaji. Lenzi zile hukuza, kwa hiyo mwale wa jua ukiingia kupitia kwake hukusanyika kwenye skrini na kuichoma doa lisilotoka, na hauhitaji muda mrefu. Kamera zinazofuatilia mikono nazo hupotea kwenye jua kali, na gizani pia. Tafuta chumba chenye taa za kutosha, na kila inapovuliwa, funika lenzi kwa kitambaa kizito hata kama unavuka barabara tu. Upande wa bahari pale una ukuta na mteremko. Mtu aliyefunikwa macho asisimame karibu nao. Mwekee kiti chenye mgongo, kisicho na magurudumu, na wewe usimame ubavuni mwake mpaka avue.