Jibu: CRP ya mzee imepanda, je, ni moyo?

Pole kwa mzee. Umeuliza kama CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) ya 38 inamaanisha mshtuko wa moyo uko karibu, kwa kuwa mishipa yake imeziba. Kwanza, alikuwa na malaria? Hapa Kisumu tuanzie hapo, maana malaria, hata jino lililooza, hupandisha CRP mno. Akipona, asubiri wiki kadhaa, apimwe CRP tena kwa kipimo chenye usahihi zaidi, hs-CRP. Ikiendelea kuzidi 2 mg/L, hatari ya moyo iko juu.

Mimi lakini ningeuliza LDL yake, yaani kolesteroli mbaya, ni ngapi. Kwa mgonjwa kama yeye, miongozo ya Ulaya inataka ishuke chini ya 1.4 mmol/L. Lp(a), chembe ya mafuta kwenye damu inayofanana na LDL, ni ya kurithi. Kwa kawaida kuipima mara moja yatosha. Na dawa ya kolesteroli asiiache akisubiri majibu, tafadhali.