Gesi ya dampo: mnauliza megawati, mimi naanza na usalama

Maswali yamejaa na karibu yote yanaanza na "tutapata umeme kiasi gani". Ntajibu, ila hii gesi, ambayo karibu nusu yake ni methani inayowaka, inavutwa kwanza ili isiue watu, umeme unakuja nyuma kama upo.

*Dampo lililo jirani na kiwanja changu lilifungwa miaka 8 iliyopita, sasa hivi halinuki kabisa. Naweza kujenga?*

Jamani hili la "halinuki" nimelijibu mpaka nimechoka. METHANI HAINA HARUFU. Kinachonuka dampo ni hidrojeni salfaidi na wenzake, hao wanaweza kunaswa na udongo njiani huku methani inapita zake kimya kimya. Taka zilizofukiwa zinaendelea kutoa gesi miaka 20 na zaidi, miaka 8 bado kabisa. Halafu watu wanadhani gesi inapanda juu tu, sasa wewe ukishaziba juu kwa udongo wa mfinyanzi itatokea wapi? Inakwenda pembeni, inafuata nyufa za miamba, inafuata mitaro ya mabomba na nyaya mpaka chini ya sakafu ya mtu. Loscoe, Uingereza, Machi 1986, nyumba karibu na dampo lililokuwa limeshafungwa ililipuka watu 3 wakaumia, gesi ilipita chini kwa chini na siku hiyo mgandamizo wa hewa ulishuka haraka, kwahiyo gesi ikapata mwanya wa kutoka ardhini kwa wingi. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumbani, cheche ya swichi ya taa inatosha. Usijenge mpaka vitobolewe visima vya kupimia mpakani na vipimwe mara nyingi, hasa siku ambazo mgandamizo unashuka, maana kipimo cha siku moja ya jua hakikwambii kitu. Na aliyekuuzia muulize vizuri alikuwa anajua nini.

*Methani ni sumu?*

Hapana, ila inafukuza oksijeni, na ndani ya gesi ya dampo haiko peke yake. Usiingie kwenye chemba au shimo la dampo bila kipimo, hata kama mwenzio kaanguka mle. Wa pili kufa mara nyingi ni yule aliyeshuka kuokoa.

*Nimeona wanachoma gesi kwenye mwenge usiku na mchana, si wanatupa umeme bure?*

Wangeiachia hewani ndio ungesema wanatupa. Kilo moja ya methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi ukihesabu miaka 20, ukihesabu 100 ni kama mara 28. Ikiungua vizuri unabaki na kaboni dayoksaidi na mvuke basi.

Sasa hesabu ya umeme. Shirika la mazingira la Marekani linakadiria tani milioni 1 za taka zinatoa gesi ya kuendesha kama megawati 0.78. Tani milioni! Kuna watu wananiandikia wana kijalala cha ekari mbili wanataka kuuza umeme gridi ya taifa. Karibu nusu ya gesi yenyewe ni kaboni dayoksaidi ambayo haiungui, halafu kuna siloksani, kemikali zenye silikoni zinazotokana na shampoo na vipodozi, zikiungua ndani ya injini zinageuka silika inayokwangua silinda kama mchanga. Kwahiyo bila kusafisha gesi jenereta utaizika mapema. Na hata ukiwa na jenereta mwenge unabaki palepale, maana siku injini iko matengenezo taka hazipumziki.

*Mradi wetu tunasubiri mwekezaji wa umeme ndio tuanze kuvuta gesi. Ni sawa?*

Sio sawa hata kidogo. Ümraniye, Istanbul, Mei 1991 wataalamu waliandika ripoti kwamba dampo halina njia ya kuzuia mlipuko wa methani. Haikufanyika kitu. Tarehe 28 Aprili 1993 gesi ikalipuka, mlima wa taka ukaporomokea nyumba za watu waliokuwa wanaishi chini yake, wakafa watu 39. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Uturuki ilivunja haki yao ya kuishi. Wekeni visima vya kuvutia gesi, mabomba, blowa (feni la kuvuta gesi) na mwenge sasa hivi, mwekezaji akija atakuta gesi imeshapimwa na hata bei mtaongea vizuri.

*Tukiongeza nguvu ya blowa si tutapata gesi nyingi zaidi?*

Mtavuta hewa. Oksijeni ikiingia inaua bakteria wanaotengeneza hiyo methani na inaweza kuwasha moto chini ya taka, moto ambao unaweza kuwaka miezi hauuoni zaidi ya moshi na ardhi inayotitia. Kila kisima kina valvu yake, pimeni oksijeni, naitrojeni na joto, mkirekebisha rekebisheni kidogo kidogo.

*Naweza kuchomeka bomba mwenyewe dampo nipate gesi ya kupikia?*

Hapana. Umetuma mara tatu, bado hapana.

*Tukishakuwa na mtambo wa gesi kuna haja gani ya kutenganisha taka?*

Mabaki ya chakula yanaoza haraka, methani yake nyingi inakuwa imeshaondoka kabla hata hamjachimba kisima cha kwanza. Yapelekeni kwenye mtambo wa bayogesi, huko tanki limefungwa toka siku ya kwanza. Anayewaambia mwage kila kitu dampo ili gesi iwe nyingi anauza mitambo huyo.

*Gesi ilikuwa inakuja vizuri, imepungua ghafla. Taka zimeisha nguvu?*

Ghafla? Hapana, nguvu ya taka inapungua kwa miaka. Hayo ni maji. Gesi inatoka ya moto na unyevu, ikipoa kwenye bomba inakuwa maji, na taka zikititia bomba linajipinda na kuweka dimbwi mle ndani. Angalia mteremko wa mabomba na mitego ya maji, kisha shusha kipimo kwenye visima uone kama maji machafu ya taka yamepanda yakaziba matundu. Kama yamepanda weka pampu, kisima chenyewe bado kizima.